SACCOS au benki: faida ya mkopo wako inakwenda kwa nani?

Msimu wa mavuno huku Nyanda za Juu Kusini ndio msimu wa fedha. Mahindi yameshapukuchuliwa, kahawa ya Mbozi na Mbinga inakwenda mnadani, na kwa wiki chache simu nyingi zinaingia ujumbe wa malipo. Ni wakati huohuo ambapo wasikilizaji wanatupigia na swali moja: fedha hii niiweke wapi, na ikifika Novemba nikahitaji mbolea, nikakope wapi?

Mwaka 2025 swali hilo lilipata uzito zaidi. Aprili 28, 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Benki ya Ushirika jijini Dodoma, benki ambayo sehemu kubwa ya hisa zake inamilikiwa na vyama vya ushirika. Julai, Benki Kuu ikashusha riba yake kutoka asilimia 6 hadi asilimia 5.75. Juu ya hayo, Umoja wa Mataifa uliutangaza mwaka 2025 kuwa Mwaka wa Kimataifa wa Ushirika. Kwa hiyo kila ulipofungua redio ulisikia ushirika, riba, mikopo. Aliyeko kijijini anataka jibu la jambo moja tu: ajiunge na SACCOS au aende benki?

Jibu letu kwa kifupi ni hili. Kwa mkulima mdogo au mfanyabiashara mdogo ambaye fedha yake inakuja kwa msimu, SACCOS yenye leseni na wanachama wanaohudhuria mikutano inamfaa kuliko benki, kwa kuweka akiba na kwa kukopa. Lakini sababu siyo ile inayotajwa na wengi. Wengi husema "riba yao ni ndogo". Si mara zote. Sababu kubwa ni kwamba SACCOS ni mali yako, na mwenye mali ndiye anayekula faida. Ila ukumbuke pia kwamba mwenye mali ndiye mlinzi. Tufafanue.

SACCOS ni nini hasa?

SACCOS ni Chama cha Ushirika wa Akiba na Mikopo. Watu wenye jambo linalowaunganisha, kwa mfano wanakijiji, wakulima wa zao moja, walimu wa wilaya moja au wafanyakazi wa kiwanda, wanaweka fedha pamoja na kukopeshana wenyewe kwa wenyewe. Ukiingia unalipa kiingilio, unanunua hisa, kisha unaweka akiba.

Hapa watu wengi huchanganya, kwa hiyo soma taratibu. Hisa ndizo zinazokufanya uwe mmiliki. Huzichukui mpaka utoke kwenye chama. Akiba ndiyo inayokupa haki ya kukopa, na katika vyama vingi huwezi kuitoa wakati una mkopo. Amana ni fedha unayoweka na kuitoa unapoihitaji, kama vile ulivyozoea benki. Msikilizaji anayesema "SACCOS wamekataa kunipa hela yangu" mara nyingi anazungumzia akiba akidhani ni amana. Uliza tofauti hiyo siku ya kwanza.

Usichanganye pia SACCOS na VICOBA. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 imewapanga watoa huduma katika madaraja manne. La kwanza ni benki zinazotoa huduma ndogo za fedha. La pili ni kampuni na watu binafsi wanaokopesha bila kupokea amana. La tatu ni SACCOS. La nne ni vikundi vya kijamii kama VICOBA. SACCOS inapaswa kuwa na leseni, na anayeisimamia ni Tume ya Maendeleo ya Ushirika.

Tupige hesabu ya mkopo

Chukua mkopo wa shilingi 1,200,000 unaolipwa kwa miezi 12, kila mwezi 100,000 ya mkopo pamoja na riba. Hesabu zifuatazo ni mfano wetu, siyo bei ya chama wala benki yoyote.

Benki inayotoza asilimia 15 kwa mwaka, na riba ikapigwa kwenye salio linalopungua, utalipa riba ya shilingi 97,500. Mwaka 2025 asilimia 15 ilikuwa karibu na wastani wa riba za mikopo ya benki nchini.

SACCOS inayotoza asilimia 1.5 kwa mwezi, riba ikapigwa kwenye salio linalopungua, utalipa shilingi 117,000.

SACCOS nyingine inatoza asilimia 1.5 ileile, lakini inaipiga kwenye mkopo wote wa mwanzo hata kama umeshalipa nusu. Hapo utalipa shilingi 216,000. Asilimia ni ileile, lakini tofauti ni shilingi 99,000. Hiyo ni mifuko ya mbolea.

Mkopeshaji binafsi mwenye leseni anaruhusiwa kutoza hadi asilimia 3.5 kwa mwezi. Akiipiga kwenye mkopo wote wa mwanzo, utalipa shilingi 504,000.

Na yule wa mtaani asiye na leseni, wa mkopo tunaouita kausha damu, akitoza asilimia 20 kwa mwezi, riba peke yake ni shilingi 240,000 kila mwezi. Ukikaa na deni hilo miezi mitano bila kupunguza mkopo wenyewe, umeshamlipa shilingi 1,200,000 na bado unadaiwa 1,200,000 ileile.

Umeona kwamba katika mfano huu benki ndiyo yenye riba ndogo kuliko wote. Tuliseme wazi, kwa sababu kumwambia mkulima kwamba SACCOS siku zote ni rahisi kuliko benki ni kumdanganya. Tena baada ya hatua za Benki Kuu za mwaka 2021, baadhi ya benki kubwa zilishusha riba ya mikopo ya kilimo hadi asilimia 9. Kama unaweza kuupata mkopo huo kwa masharti yake, ni mzuri.

Tatizo liko kwenye neno hilo "kama".

Mlango wa benki na mlango wa SACCOS

Benki inataka dhamana inayoweza kuuzwa, au mshahara unaopita kwao, au kumbukumbu za biashara za miezi kadhaa. Mtu mwenye ekari tatu za mahindi, nyumba isiyo na hati na genge la nyanya hana vitu hivyo. Afisa mikopo wa benki hamfahamu. Hata akimfikiria, mkopo mdogo wa laki nne unamgharimu kazi ileile kama mkopo wa milioni arobaini, kwa hiyo anaona afadhali ule mkubwa.

Kuna pia suala la muda wa kulipa. Mikopo mingi ya benki hulipwa kila mwezi. Mkulima wa kahawa hapati fedha kila mwezi. Ukimwambia alipe Desemba, Januari na Februari, miezi ambayo anatoa tu na haingizi, unamlazimisha auze mazao yakiwa bado shambani. Na sisi tunajua bei ya mahindi yanayouzwa shambani. Anayenunua ndiye anayepanga.

SACCOS inaanzia kwingine. Inaangalia umeweka akiba kiasi gani na kwa muda gani, kisha inakukopesha mara mbili au mara tatu ya akiba hiyo kulingana na masharti ya chama. Dhamana yako ni akiba yako pamoja na wadhamini, ambao ni wanachama wenzako wanaokufahamu wewe, shamba lako na tabia yako ya kulipa madeni. Chama cha wakulima kinaweza kupanga marejesho yafuate mavuno, kwa sababu walio kwenye kamati ya mikopo nao wanalima.

Udhamini huo una upande wake mchungu. Ukimdhamini jirani na asilipe, akiba yako inaguswa. Undugu umevunjika katika vijiji vingi kwa sababu hiyo. Usimdhamini mtu kwa aibu. Mdhamini kwa sababu umeona anachofanyia kazi ule mkopo.

Riba unayolipa inakwenda wapi?

Hapa ndipo kwenye kiini cha jambo hili.

Ukilipa riba ya shilingi 97,500 benki, fedha hiyo inagharamia shughuli za benki, na faida inayobaki ni ya wenye hisa. Wewe ni mteja. Ukiweka akiba yako pale, riba utakayopewa kwenye akaunti ya kawaida ya akiba iko karibu na asilimia 3 kwa mwaka kwa wastani, wakati mikopo inatolewa kwa takribani asilimia 15. Pengo hilo ndilo duka la benki. Hakuna ubaya, ndiyo biashara yao. Lakini duka siyo lako.

Ukilipa riba ya shilingi 117,000 kwenye SACCOS, fedha hiyo inalipa mshahara wa mhasibu, pango la ofisi, ukaguzi wa hesabu na gharama nyingine. Sehemu inawekwa akiba ya lazima ya chama kwa ajili ya siku mbaya. Kinachobaki kinaitwa ziada, na mkutano mkuu wa wanachama ndio unaoamua kifanywe nini: kigawanywe kama gawio kwenye hisa, kilipe riba kwenye akiba, au kibaki kukuza mtaji ili mwakani wengi zaidi wakopeshwe. Kwenye mkutano huo kila mwanachama ana kura moja. Mwenye hisa mia na mwenye hisa tano wana kura sawa.

Kwa hiyo ukilinganisha benki na SACCOS usiangalie riba peke yake. Jumlisha vitu vinne: riba unayolipa, ada za kuchukua mkopo, nauli na siku unazopoteza kwenda mjini, kisha toa kinachorudi kwako kama gawio. Kwa watu wengi wa vijijini, hesabu ikifika mwisho inaelekea upande wa SACCOS, mradi chama kiendeshwe vizuri. Gawio lakini siyo haki ya kila mwaka. Chama kisipopata ziada, hakuna gawio. Anayekuahidi gawio kubwa la uhakika kabla mwaka haujaisha, mkimbie.

Wazee wetu wana sababu ya kusita

Ukizungumza ushirika na mzee wa miaka sabini, atakutazama kwanza. Anakumbuka. Mwaka 1976 serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika nchini, na vikaja kurudishwa kwa sheria ya mwaka 1982. Baadaye vingi viliingia madeni, na wakulima wakakopwa mazao yao. Vijana waliorithi simulizi hizo hawana makosa kuuliza: safari hii kuna tofauti gani?

Tofauti ya kisheria ipo. Kuna Sheria ya Vyama vya Ushirika ya 2013 iliyounda Tume, kuna leseni chini ya sheria ya 2018, na kuna shirika la ukaguzi wa vyama vya ushirika, COASCO. Lakini sheria haikai kwenye ofisi ya kijiji ikihesabu fedha. Mkaguzi anakuja mara moja kwa mwaka. Mwenyekiti na mhasibu wako pale kila siku.

Mfano wa karibuni uko kwa jirani zetu Kenya, nchi ambayo vyama vyake vya akiba na mikopo ni vikubwa na vinasifiwa Afrika nzima. Vyama hivyo viliunda umoja wao, KUSCCO, na vingi vikaweka fedha huko. Ukaguzi maalumu ambao matokeo yake yalitangazwa mwaka 2025 ulionesha pengo la zaidi ya shilingi bilioni 13 za Kenya. Hesabu zilikuwa zikionesha afya njema wakati fedha hazipo. Fedha hizo zilikuwa za wanachama, walimu na wakulima, ambao wengi wao hawakujua kwamba chama chao kimeweka akiba yao kwingine.

Swali la kujiuliza basi siyo tu "chama changu kinatunza fedha?" bali pia "fedha za chama changu zimewekwa wapi?"

Je, benki hazifi?

Zinakufa. Januari 2018 Benki Kuu ilifunga benki tano kwa mkupuo kwa kukosa mtaji wa kutosha. Mojawapo ilikuwa Benki ya Wananchi Njombe, hapahapa kwetu. Nyingine ilikuwa Benki ya Ushirika ya Wakulima Kagera. Kwa hiyo jengo lenye vioo na mlinzi getini si kinga.

Lakini benki ina kitu ambacho SACCOS haina, na ni lazima ukijue kabla ya kuhamisha fedha zako zote. Benki ikifungwa, Bodi ya Bima ya Amana inamlipa mwenye akaunti mpaka kiwango fulani. Mwaka 2018 kiwango kilikuwa shilingi 1,500,000. Tangu 2023 ni shilingi 7,500,000. Amana ya mkulima mdogo inaingia yote humo. Akiba ya SACCOS haimo kwenye bima hiyo. Chama kikianguka, unagawana na wenzako kilichobaki, kama kimebaki.

Ndiyo maana ushauri wetu siyo "funga akaunti ya benki". Malipo ya kahawa na mazao mengine kupitia AMCOS hupita benki, na ni vizuri yaendelee kupita huko kwa sababu yanaacha kumbukumbu. Weka benki, au kwenye simu, fedha ambayo huwezi kukubali ipotee hata siku moja. Peleka SACCOS fedha unayoijenga polepole ili ikupe mkopo. Mtu mwenye akaunti ya benki na uanachama wa SACCOS hajajichanganya, amejipanga.

Na ile riba ya Benki Kuu iliyoshuka Julai 2025? Hiyo ni riba ya kuongoza benki katika kukopeshana zenyewe. Haifiki kijijini wiki hiyohiyo. Inaweza kusaidia riba za mikopo zipungue taratibu, lakini haimfungulii mlango asiye na dhamana.

Maswali ya kuuliza kabla hujalipa kiingilio

Nenda na haya, na usione haya kuyauliza mbele ya watu.

Moja: leseni iko wapi? Leseni ya SACCOS inatakiwa kuonekana ofisini. Ukiwa na shaka, muulize Afisa Ushirika wa wilaya yako.

Mbili: mkutano mkuu wa mwisho ulifanyika lini, na hesabu zilizokaguliwa zilisomwa? Kama hakuna anayekumbuka tarehe, ahirisha.

Tatu: riba inapigwa kwenye salio linalopungua au kwenye mkopo wote wa mwanzo? Waombe wakuandikie kwenye karatasi jumla ya shilingi utakazolipa mpaka mwisho. Asilimia inaweza kukuchanganya, jumla ya shilingi haichanganyi.

Nne: katika kila mikopo kumi iliyotolewa, mingapi imechelewa kulipwa? Na viongozi wenyewe wana mikopo? Chama ambacho bodi ndiyo inayodaiwa zaidi kinaelekea pabaya.

Tano: mwanachama akifariki akiwa na mkopo, nani analipa? Vyama vingine vimekata bima ya mkopo, vingine vinawageukia wadhamini na familia.

Sita: nikitaka kutoka, nasubiri muda gani kupata akiba na hisa zangu?

Ukishajiunga, kila unapoweka fedha chukua stakabadhi na uhakikishe kiasi kimeandikwa kwenye kitabu chako. Kama chama kinatuma ujumbe wa simu, usiufute. Wahenga walishasema mali bila daftari hupotea bila habari.

Kazi ya mwanachama

Tumesikia vyama vingi vikilaumiwa, na lawama nyingi ni za haki. Lakini tazama mkutano mkuu wa kawaida: wanachama mia tatu kwenye orodha, waliofika hamsini, na nusu yao wanaondoka kabla ya taarifa ya hesabu kwa sababu chakula kimeshaliwa. Kamati ya usimamizi, ambayo kazi yake ni kuichunguza bodi, inachaguliwa harakaharaka mwishoni. Ukomo wa madeni, yaani kiasi cha juu ambacho chama kinaruhusiwa kukopa nje, unapitishwa kwa makofi. Hapo ndipo fedha hupotelea, mchana kweupe, na muhtasari ukiwa umesainiwa.

Benki haikuhitaji ufike kwenye mkutano wake. Inakuhitaji ulipe. SACCOS inakuhitaji ufike, usikilize na uulize, hata kama swali lako litamkera mwenyekiti ambaye ni shemeji yako. Hiyo ndiyo gharama ya kuwa mwenye duka, na hakuna anayeweza kukulipia.

Bado kuna wiki kadhaa kabla mvua hazijaanza na mahitaji ya mbolea kuwa makubwa. Anayeanza kuweka akiba sasa ana nafasi ya kukopa msimu ujao bila kugonga mlango wa kausha damu. Anayesubiri mpaka shida ifike atakuta SACCOS inamwambia ukweli: hatukopeshi asiyeweka.

Kama wewe ni mwanachama tayari, uliza leo tarehe ya mkutano mkuu ujao, na uiandike kwenye simu yako.